Bei Kikomo ya Serikali na Mteja wa Bei Isiyobadilika: Mfano wa Migori na Homa Bay

Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA, hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa zitakazotumika kuanzia siku ya pili yake hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Usiku huo huo waendesha bodaboda wa Rongo na Oyugis huwa wamekwisha kujua kesho watajaza matangi yao kwa shilingi ngapi. Hata hivyo, wapo watu ambao tangazo kama hilo huwapita kama mvua inayonyesha ng'ambo ya ziwa: wanaiona, wanaisikia, lakini haiwalowanishi. Miongoni mwao ni mwanafunzi anayemlipa mwenye nyumba pesa zile zile za stima kila mwezi, mama aliyeichukua taa ya jua kwa mkopo wa kulipa kila siku, na mvuvi anayekodi taa ya kuvulia omena. Hawa wote ni wateja wa bei isiyobadilika.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hatua ya serikali ya kuweka kikomo cha bei ya nishati inavyomgusa, au isivyomgusa, mteja wa aina hiyo. Mifano imechukuliwa katika kaunti za Migori na Homa Bay kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko ninakokujua. Pili, ni mahali ambapo aina zote za nishati tutakazozitaja hukutana katika eneo dogo: stima ya gridi ya taifa, petroli ya mashua, mafuta ya taa, na nguvu za jua za visiwani.

Istilahi kwanza

Wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuanza na maneno. Nchini Tanzania, ambako EWURA imekuwa ikiitangaza bei ya mafuta tangu mwaka 2009, neno lililozoeleka ni "bei kikomo". Kwetu Kenya magazeti na redio husema tu "bei mpya ya mafuta", na hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Anayesikia "bei mpya" hudhani serikali imeamua kitu kiuzwe kwa kiasi fulani. Sivyo. Kikomo hakisemi kitu kiuzwe kwa bei gani. Husema kisiuzwe zaidi ya bei gani. Mwenye kituo cha mafuta mjini Migori ana ruhusa kamili ya kuuza chini ya kiwango kilichotangazwa. Kwamba aghalabu hafanyi hivyo ni jambo jingine, nalo linatufunza kwamba dari likishawekwa wauzaji wengi hupenda kusimama vichwa vyao vikiligusa.

Bei isiyobadilika ni kitu cha namna nyingine kabisa. Hiyo ni ahadi baina ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi, kwamba kwa muda fulani bei itakaa palepale. Soko likipanda, mnunuzi amepona. Soko likishuka, muuzaji amefaidi. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kikomo cha serikali ni dari peke yake, ilhali bei isiyobadilika ni dari na sakafu kwa pamoja. Tofauti hii ndiyo shina la mjadala wote unaofuata. Mtu aliyejifungia kati ya dari na sakafu yake mwenyewe hawezi kunufaika pale serikali inaposhusha dari la watu wote, isipokuwa dari hilo jipya liwe chini ya sakafu yake na pawepo mtu wa kumlazimisha muuzaji kuivunja.

Dari la petroli na mipaka yake

Ikumbukwe kwamba Kenya ilikuwa imeachana na udhibiti wa bei za mafuta mnamo Oktoba 1994. Kwa miaka kumi na sita kampuni zilijipangia bei zenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi, kwamba bei ya dunia ikipanda vituo hupandisha kesho yake, na ikishuka husubiri. Mnamo Desemba 2010 Tume ya Kudhibiti Kawi, iliyokuwa ikijulikana kama ERC, ilianza kutangaza kikomo cha kila mwezi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliibadilisha tume hiyo ikawa EPRA, lakini utaratibu ulibaki ule ule.

Hesabu ya kikomo huanzia Mombasa. Huchukuliwa gharama ya mafuta yalipofika bandarini, hubadilishwa kutoka dola hadi shilingi, huongezwa ada ya bomba na ya maghala, kodi na tozo, faida ya kampuni na faida ya kituo, kisha nauli ya lori hadi mji husika. Mafuta ya Migori na Homa Bay husafiri kwa bomba hadi Kisumu, halafu kwa barabara. Ndiyo sababu kila mji una kikomo chake, na kadiri unavyokwenda mbali na bohari ndivyo senti zinavyoongezeka.

Swali ambalo jedwali halilijibu ni hili: barabara inapokwisha, kikomo kinakwenda wapi? Mashua nyingi za uvuvi katika Ziwa Victoria hutumia injini za petroli. Petroli hiyo hununuliwa kituoni, humiminwa katika mitungi ya plastiki, hupakiwa mashuani na kuuzwa tena kwenye fuo na visiwa. Muuzaji wa pili si kituo chenye leseni na jina lake halimo katika jedwali lolote. Hapo bei ni ya mapatano, na mvuvi wa kisiwani hulipa zaidi ya kikomo cha Homa Bay bila mtu yeyote kushtakiwa. Upande wa Migori kuna sura nyingine ya mpaka. Isebania na Sirare ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari wa nchi mbili. Kila upande una kikomo chake kilichopigiwa hesabu kwa sarafu na kodi zake. Tofauti ikiwa kubwa, mitungi hutembea.

Dari lina gharama, na gharama hiyo lazima iwe na mlipaji. Julai 2020 tozo ya maendeleo ya petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Fedha za tozo hiyo ndizo zilizotumiwa, kuanzia mwaka 2021, kuwafidia wauzaji ili bei isipande pamoja na bei ya dunia. Utaratibu ulifanya kazi kwa muda. Mwanzoni mwa mwaka 2022 fidia ilichelewa, madeni ya serikali kwa kampuni yakarundikana, na mwishoni mwa Machi na mnamo Aprili petroli ikaadimika nchini. Foleni zilizunguka vituo. Kikomo kilikuwepo karatasini, na kwa hakika kilikuwa cha chini kuliko gharama halisi, lakini mafuta hayakuwepo. Bei nafuu ya kitu kisichopatikana ni bei ya nani?

Septemba 2022 serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli na kuiacha kwa muda ile ya dizeli na mafuta ya taa. Petroli mjini Nairobi ilipanda kwa shilingi 20.18 kwa mara moja na kufika 179.30. Mwaka uliofuata, baada ya kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na bei ya dunia kupanda, kikomo cha Oktoba 2023 kilifika shilingi 217.36. Hapa msomaji anaweza kuona kwamba kikomo si ngao dhidi ya bei ya dunia. Ni ngao dhidi ya muuzaji anayetaka kuongeza juu ya bei ya dunia. Serikali ikitaka kukinga zaidi ya hapo ni lazima itoe fedha mfukoni, na mfuko huo ni wetu sote.

Wote walionunua lita moja kati ya Julai 2020 na Septemba 2022 walichangia tozo ile, moja kwa moja au kupitia nauli ya matatu na bei ya sukuma wiki. Mama wa Ndhiwa aliyekuwa akilipia taa yake ya jua kwa bei isiyobadilika alichangia pia. Ruzuku ya mafuta ya taa iliyotokana na mfuko huo haikumfikia, kwa kuwa hakuwa tena mnunuzi wa mafuta ya taa. Alisaidia kujenga dari la nyumba asiyoishi.

Stima: bei "iliyokaa" ambayo haikai

Tukija kwenye stima, mambo yanageuka kidogo. Bei za msingi za umeme huidhinishwa na mdhibiti kwa kipindi cha miaka kadhaa, na bei hiyo ni moja nchi nzima. Jirani wa mtambo wa Sondu Miriu, unaozalisha megawati 60 kwa maji ya mto upitao karibu na mashamba yao, analipa sawa na mtu wa Machakos. Vivyo hivyo kwa watu wanaoishi karibu na Gogo, mtambo mdogo wa megawati 2 katika Mto Kuja huko Migori uliojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Kuwa karibu na maji hakupunguzi bili. Kwa upande mwingine wateja wa Mfangano, ambao kwa miaka mingi walihudumiwa na jenereta ya dizeli kisiwani humo, hawakutozwa gharama halisi ya dizeli hiyo. Nao walilipa bei ya taifa. Usawa huu una hekima yake.

Kwa mtazamo wa haraka, basi, kila mteja wa Kenya Power ni mteja wa bei isiyobadilika. Lakini atazame risiti ya tokeni. Juu ya bei ya msingi kuna gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, kuna marekebisho ya thamani ya dola, kuna marekebisho ya mfumko wa bei, kuna tozo ya usambazaji umeme vijijini ya asilimia 5, na kodi ya asilimia 16. Vipengele vitatu vya kwanza hubadilika na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mvua ikikosekana na mitambo ya mafuta ikawashwa, gharama hiyo hupitishwa kwa mteja kama maji yapitavyo katika mfereji. Bei ya msingi imekaa, lakini bili haikai.

Jambo lililomgusa mteja mdogo zaidi kuliko vipengele hivyo lilikuwa malipo ya kudumu ya kila mwezi. Kuanzia mwaka 2014 kila nyumba ilitozwa shilingi 150 kwa mwezi, iwe imewasha taa au haikuwasha. Uniti 50 za kwanza zilikuwa nafuu sana, shilingi 2.50 kwa uniti, na zilizofuata 12.75. Mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015 na kushusha gharama ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyumba nyingi za vijijini zilipata stima kwa ajili ya balbu mbili na kuchaji simu. Mwenye nyumba wa aina hiyo akinunua tokeni baada ya miezi mitatu, alikuta shilingi 450 zimekatwa kwanza kabla ya uniti moja kuonekana kwenye mita. Wengi waliamini wameibiwa. Hawakuibiwa, walikuwa wamelipa deni la malipo ya kudumu ambalo hakuna aliyewaeleza.

Agosti 2018 malipo hayo yaliondolewa. Mteja wa uniti zisizozidi 10 kwa mwezi akawa analipa shilingi 12 kwa uniti, na anayezidisha akalipa 15.80 kwa uniti zote. Kelele zikawa kubwa, kwa sababu mteja wa uniti 40, aliyekuwa akilipa shilingi 250 pamoja na malipo ya kudumu, sasa alitakiwa kulipa 632 kabla ya kodi. Novemba mwaka huo huo mpango ulirekebishwa: anayetumia hadi uniti 100 alipe shilingi 10 kwa uniti, anayezidi alipe 15.80. Januari 2022 pakatangazwa punguzo la asilimia 15, likaisha mwanzoni mwa mwaka 2023, na Aprili 2023 tarifa mpya zikaanza zenye ngazi tatu: hadi uniti 30, hadi uniti 100, na zaidi ya 100.

Vyumba vya kupanga

Katika mji wowote wenye chuo kuna majengo marefu ya vyumba vya kupanga, kimoja kando ya kingine, na Rongo si tofauti. Mengi ya majengo haya yana mita moja, na kila mpangaji hulipa kiasi maalumu cha stima pamoja na kodi ya nyumba. Hakuna sheria ya serikali iliyotunga bei hiyo. Ni mapatano, na kwa kweli ni mapatano ya upande mmoja. Pamoja nayo huja kanuni: usitumie koili ya kuchemshia maji, usipige pasi usiku, ukinunua friji utuambie. Kanuni hizo zina mantiki. Aliyeahidi bei isiyobadilika bila kupima matumizi hubeba hasara ya kila mtumiaji mbaya, na njia pekee aliyo nayo ya kujikinga ni kuchungulia madirishani.

Je, mpango huu wa mita moja ulizaliwa kwa ulafi? Hesabu inaonyesha vinginevyo. Tuchukue jengo la vyumba sita, kila chumba kikitumia uniti 10, mwaka 2016. Hesabu hizi ni za bei ya msingi na malipo ya kudumu peke yake, bila kodi na nyongeza nyingine. Kila chumba kingekuwa na mita yake, kingelipa shilingi 150 na 25 za uniti, yaani 175. Vyumba sita, 1,050. Kwa mita moja ya uniti 60, jengo lilitozwa malipo ya kudumu mara moja tu: 150, na 125 za uniti 50 za kwanza, na 127.50 za uniti 10 zilizobaki. Jumla ni 402.50. Kushirikiana mita kulikuwa ndiyo akili. Malipo ya kudumu yaliwaadhibu watu wadogo waliotengana na kuwasamehe waliojikusanya.

Sasa tusogee hadi mwisho wa mwaka 2018, tuchukue jengo lile lile, na wapangaji wameongeza redio, kompyuta na pasi hata kila chumba kimefika uniti 25. Kwa mita sita kila chumba kimo chini ya uniti 100, kwa hiyo kinalipa shilingi 10 kwa uniti: 250 kila kimoja, 1,500 kwa jumla. Kwa mita moja jengo linaonekana kama mteja mmoja wa uniti 150, tajiri aliyevuka ngazi, nalo linatozwa 15.80 kwa kila uniti. Jumla ni shilingi 2,370. Tofauti ni 870, au 145 kwa kila mpangaji kila mwezi. Unafuu ambao serikali ilikuwa imemwekea mtu mdogo ulimpita mlangoni pake, kwa kuwa sheria ilihesabu mita, haikuhesabu watu. Tarifa za Aprili 2023 hazikuiponya kasoro hii. Chumba cha uniti 25 kilistahili ngazi ya chini kabisa, lakini vyumba sita nyuma ya mita moja viliangukia ngazi ya juu kabisa.

Kwa hiyo mageuzi yaliyoondoa malipo ya kudumu yaliipindua hesabu ya mita moja juu chini, ilhali mapatano ya vyumbani yalibaki vile vile. Sidhani kwamba wenye nyumba wengi waliliona hilo. Waliona tu kwamba tokeni za elfu mbili haziishi muda zilioishi zamani, wakahitimisha kwamba wapangaji wanapika kwa stima.

Punguzo la Januari 2022 lilitupa jaribio la wazi. Kwa mteja mwenye mita yake, risiti ya tokeni ilionyesha uniti zaidi kwa pesa zile zile. Katika jengo nililokuwa nikiishi, kiasi cha stima hakikubadilika. Mwenzangu mmoja alimwendea mwenye nyumba kwa adabu zote.

"Mama, serikali imepunguza bei ya stima."

"Mwanangu, serikali imempunguzia mwenye mita."

Jibu hilo lilituudhi, lakini lilikuwa sahihi kisheria na kiuchumi. Kikomo na punguzo la serikali humfunga muuzaji aliyesajiliwa kwa mteja aliyesajiliwa. Mpangaji si mteja wa Kenya Power. Ni mteja wa mama mwenye nyumba. Mwaka uliofuata, punguzo lilipoondolewa na tarifa mpya kuja, kiasi chetu kilipanda kwa shilingi 100 katika mwezi mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa maana ya sakafu bila dari. Bei yetu tuliyoiita isiyobadilika ilikuwa haibadiliki kwenda chini tu.

Tatizo la namna hii halikuzaliwa kwetu peke yetu. Nchini Uingereza kikomo cha bei ya gesi na umeme kilianza Januari 2019, nacho kiliwahusu wateja wa bei zinazobadilika. Aliyetia sahihi mkataba wa bei isiyobadilika alikuwa nje yake. Wakati wa msukosuko wa mwaka 2022 wengine walikimbilia mikataba hiyo kwa hofu, wakajifungia katika bei za juu sana, na Septemba serikali ikatangaza dhamana mpya ya bei kuanzia Oktoba. Kama kikomo kingewahusu wale wa kwanza peke yao, waliojifungia wangeachwa wakilipa zaidi ya jirani zao. Serikali ya huko ililiona pengo hilo, ikaagiza wateja wa mikataba nao wapunguziwe kiasi fulani kwa kila uniti, hadi peni 17 kwa umeme. Iliwezekana kwa sababu kila mteja alikuwa na jina na akaunti. Mpangaji wa Rongo hayumo katika daftari lolote.

Taa za jua na za ziwani

Kabla stima haijafika vijiji vingi vya Suba na Nyatike, mshindani wa bei isiyobadilika alikuwa mafuta ya taa. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo ya jua mwaka 2012 kwa amana na malipo ya kila siku kupitia M-PESA, shilingi 40 kwa siku katika miaka ya mwanzo na baadaye 50. Hoja ya kumshawishi mteja ilikuwa kwamba pesa hizo ni sawa na zile anazozimwaga katika kibatari. Lakini mafuta ya taa yalikuwa chini ya kikomo cha kila mwezi, na bei ya dunia iliposhuka miaka ya 2015 na 2016, kibatari kilishuka bei. Deni la mtambo wa jua halikushuka. Septemba 2018 serikali ilitia ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wachanganyaji wa dizeli, na mizani ikaelemea upande wa pili: waliojifungia katika malipo ya jua wakaonekana walikuwa waaguzi. Bei yao ilikuwa ile ile muda wote, na ulimwengu ndio uliokuwa ukipanda na kushuka pembeni mwao. Tofauti kubwa kati yao na mpangaji ni kwamba malipo yao yalikuwa na mwisho. Deni likiisha, taa ni yako.

Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na karabai za mafuta ya taa zilikuwa mzigo mkubwa katika gharama zao. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilisaidia kufungua kituo huko Mbita ambapo mvuvi aliweza kukodi taa iliyochajiwa kwa jua kwa ada maalumu. Mvuvi hupenda ada ya namna hii kwa sababu nyingine kabisa: hajui ziwa litampa nini usiku huo, basi afadhali ajue taa itamgharimu nini.

Visiwani kumekuwa pia na mitambo ya jua ya kampuni binafsi inayosambaza umeme kwa nyaya zake yenyewe, kikiwemo kisiwa cha Ringiti. Bei zake huidhinishwa na mdhibiti, lakini hufuata gharama za mtambo wenyewe, na kwa hiyo uniti moja ya huko huzidi kwa mbali uniti ya taifa. Punguzo la mwaka 2022 lilikuwa la tarifa ya Kenya Power. Mkaazi wa Mfangano mwenye waya wa taifa alilipata. Mwenye waya wa kampuni kisiwani Ringiti hakuwa na tarifa ya kupunguziwa. Maji yanayowatenga hawa wawili ni safari fupi ya mashua.

Katika jengo letu mambo yalikwisha kwa namna isiyotarajiwa. Tulipomwonyesha mwenye nyumba hesabu ya uniti 150 dhidi ya 25, iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita fundi. Mita za Kenya Power kwa kila chumba zilikuwa ghali mno kwake, kwa hiyo alifunga mita ndogo za kupimia ndani, na kila mmoja wetu akaanza kulipa alichotumia. Ngazi ya tarifa ya jengo haikushuka, kwa maana mita kuu ilibaki moja. Lakini mwezi wa kwanza wanne kati yetu tulilipa pungufu ya kiasi cha zamani. Wawili walilipa zaidi, na mmoja wao, aliyekuwa na friji ambayo hakuwa amemwambia mtu, alihama kabla ya muhula kwisha.